Yuko Kibanjani

Mwalimu Kamugisha tulimzika Ijumaa, na Jumamosi asubuhi Deo akaja kwangu Kitendaguro kunywa chai kabla ya kuanza safari ndefu ya kurudi kwao Iringa. Nilikuwa sijamwona kwa miaka zaidi ya thelathini. Niliyemjua mimi alikuwa kijana mwembamba mwenye nywele nyingi. Aliyeketi barazani kwangu alikuwa mzee wa tumbo na kipara, miwani ya kusomea imening'inia shingoni kwa kamba. Nilimcheka waziwazi, naye akanicheka kwa sababu zake, ambazo hakunitajia. Jana yake tulikuwa tumesikiliza hotuba tano, na zote zilisema marehemu alikuwa bingwa wa "maendeleo endelevu", maneno ambayo yeye mwenyewe alipokuwa hai aliyatamka huku amekunja pua. Deo akachovya mkate kwenye chai, akauliza bila kunitazama, "Leonida, ile orodha ya Kamachumu bado unaikumbuka?" Nikamwambia naikumbuka mstari kwa mstari, na kwamba aibu yake haijaniisha.

Habari za kwetu nitaziruka. Nilizaliwa, nikabatizwa, nikapelekwa shule, kama watu wengine. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa pili chuoni Bukoba, nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja na nikiamini kwamba hakuna jambo duniani lisilopangika likipata karatasi ya kutosha na rula iliyonyooka. Vita vya mpakani vilikuwa vimekwisha zamani kidogo, lakini bado tulikuwa na tabia ya kunyamaza ndege ikipita. Kilichoingia baada ya vita hakikuwa na mlio. Watu waliuita ugonjwa ule wa kukondesha Juliana, kwa jina la kitambaa cha mashati kilichokuwa kikivushwa kutoka Uganda, na hata hilo jina la kitambaa walilitamka kwa sauti ya chini. Chuoni hatukuutaja kabisa. Mwanafunzi aliyeondoka kwenda kuzika aliandika kwenye daftari la ruhusa "mambo ya nyumbani", na kuna kurasa za daftari lile zilizojaa mambo ya nyumbani kuanzia juu hadi chini.

Mwalimu Kamugisha alitufundisha uongozi wa miradi na matumizi ya ardhi. Alikuwa mfupi, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kuisahau, na hakuamini kwamba mtu anaweza kujifunza kuongoza kitu chochote akiwa ameketi darasani. Mwaka ule alitugawa watatu watatu, na kila kikundi akakitafutia wenyeji nje ya chuo: wengine chama cha wavuvi Kemondo, wengine bustani ya hospitali, wengine shule ya bweni iliyokuwa imemaliza kuni zake. Kazi ilikuwa kukaa na wenyeji kila muhula kwa wiki kadhaa, kushika jembe na panga pamoja nao, na mwisho wa mwaka kuwaachia mpango wa miaka mitatu ambao wangeufuata wenyewe sisi tukishaondoka. "Mkishaondoka," alirudia akigonga meza. "Mpango unaokufa siku mnapopanda lori kurudi ni insha, si mpango. Insha mtaandika kwa mwalimu wa Kiswahili." Alama zote za somo lake zilitoka hapo. Sisi tulipangiwa chama cha wakulima Kamachumu. Tulikuwa Deogratias, yaani Deo, ambaye Kihaya chake kiliishia kwenye salamu. Shirin, binti wa duka la vitambaa pale mjini, moja ya familia chache za Kihindi zilizokuwa zimebaki, ambaye alikijua Kihaya cha kaunta, cha kupimia nguo na kutaniana na wateja. Na mimi, mkalimani, mchora majedwali na, kwa maoni yangu mwenyewe, akili ya kikundi.

Chama kilitupa vyumba ndani ya ghala la kahawa. Mimi na Shirin tulilala katika ofisi ndogo yenye dirisha la mbao, Deo akalala ghalani kati ya magunia na mizani, na kila asubuhi alitoka na alama za gunia shavuni. Kamachumu iko juu, na ukungu uliingia kwa dirisha letu bila kubisha hodi. Kila kitu kilinuka kahawa: mashuka, nywele, hata sabuni. Mchana na jioni chakula kililetwa na mama mmoja ambaye chama kilimpa kazi ya kutulisha, Ma Auleria. Alikuja na kikapu kichwani, ndani yake ndizi zilizopikwa pamoja na maharage na kufunikwa kwa majani ya mgomba, na siku nyingine dagaa wa Kemondo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye uso mtulivu na mzaha wa kimyakimya. Alisimama kando akitutazama tunavyokula, kisha akamwambia Shirin, "Wewe mtoto wa mjini, hiyo ndizi haitakuuma, kula." Shirin alikula. Sote tulikula kama watu waliotoka jela. Tulipomaliza, Deo, kijana aliyelelewa vizuri, alisema kila siku, "Ahsante mama, utusalimie mzee nyumbani." Naye Ma Auleria, akikusanya majani kwenye kikapu, alijibu kila siku, "Zitamfika."

Shida ya chama ilikuwa nyasi. Kibanja cha Mhaya, yaani ile migomba na mibuni inayozunguka nyumba, kinaishi kwa kulishwa: mbolea ya ng'ombe na nyasi zinazotandazwa chini ya migomba zioze polepole. Nyasi zilitoka kwenye rweya, mbuga ya wazi iliyokuwa nje ya vijiji. Zamani ng'ombe walikuwa wengi na watu wa kubeba nyasi walikuwa wengi. Sasa ng'ombe walikuwa wamepungua, kila mtu alikata nyasi pale palipo karibu, rweya ya karibu ikabaki kipara, na migomba ikaanza kuzaa mikungu midogo ya kutia huruma. Kazi yetu ilikuwa kuigawa rweya katika sehemu, baadhi zipumzike huku nyingine zikikatwa, na kupanga zamu ili kila nyumba itoe mtu mmoja mwenye nguvu siku yake ikifika. Shirika moja la ng'ambo liliahidi kwamba mpango ukikamilika litatoa ng'ombe mmoja wa mbolea kwa kila kibanja kitakachokuwa kwenye orodha, na atakayekabidhiwa kamba ni yule aliyeandikwa. Ili kujua nani ana nguvu, nilitengeneza fomu. Nilikuwa na fahari na fomu ile kuliko nilivyokuwa na fahari na kitu chochote hadi wakati huo. Ilikuwa na mistari ya rangi mbili, na safu yake ya kwanza iliandikwa "Mkuu wa kaya".

Tulijaza fomu hizo ghalani kwa siku nne. Watu walipanga foleni kwenye benchi. Mimi niliuliza kwa Kihaya, nikamtafsiria Deo kwa Kiswahili, Deo akaandika kwa mwandiko wake wa duara. Pembeni ya meza yetu aliketi katibu wa chama, Ta Anatory, yaani Bwana Anatory, mtu wa miaka arobaini hivi, nadhifu, mwenye koti la kijivu na mhuri wa chama uliofungwa ndani ya leso. Waliokuja wengi walikuwa wanawake, na hilo halikunishangaza. Wanaume, nilijiambia, wana mambo yao. Niliuliza, nyineka ni nani, mwenye nyumba ni nani? Mama akataja jina la mume. Niliuliza, yuko wapi? Akajibu, "Ali omukibanja." Nikamgeukia Deo: "Yuko shambani." Deo akaandika: yupo, anafanya kazi shambani. Niliuliza, ana nguvu? Mama mmoja alisema, alikuwa na nguvu, jamani, alikuwa na nguvu huyo. Nikamwambia Deo: "Ana nguvu." Ma Auleria naye alipita mezani. Mume wake aliitwa Projestus. Yuko wapi? Yuko kibanjani. Alilisema akinitazama machoni, na nikaona ameninyamazia kitu, lakini foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa naangalia kama mistari yangu imenyooka.

Nimejiuliza mara nyingi jinsi nilivyoweza. Deo alikuwa mgeni, Shirin alizoea kuona watu wao wakizikwa kwenye uwanja wa makaburi mjini, lakini mimi nilikuwa Mhaya. Nilijua tunazika wapi. Bibi yangu mwenyewe alikuwa amelala hatua ishirini kutoka mlango wa jikoni kwetu, na nilikuwa nikianika nguo karibu naye bila kufikiri. Neno kibanja nililinyonya nikiwa mtoto, na nilijua kwamba si shamba. Shamba watu wanakwenda na kurudi. Kibanja ndimo nyumba ilimo, ndimo waliokufa walimo, ndicho kinachokupa jina. Lakini nilikuwa na safu ya kujaza, na ndani ya safu "shambani" liliingia vizuri, kwa hiyo niliandikisha kaburi kama mahali pa kazi. Wiki ile niliwasikia akina mama wakiongea nyuma ya ghala walipokuwa wakichambua kahawa. Mmoja alisema, "Wangu wamemwandika mwenye nguvu." Mwingine akajibu, "Mwambie aamke mapema basi," wakacheka hadi wakashikana mabega. Nilidhani wanawasema waume zao wavivu, nikatabasamu peke yangu kitandani.

Mei hivi, mvua zilipopungua, tuliwaita wanachama wote ghalani kusikiliza zamu. Deo alisimama na karatasi, sauti yake nzuri ya kanisani, akaanza kuita waliopangwa siku ya kwanza. Wanaume wawili wakaitika. Akaita, "Projestus." Ma Auleria akajibu kutoka kwenye benchi, "Waitu," yaani ndiyo, bwana. Deo akasema kwa upole, "Hapana mama, namtaka Projestus mwenyewe." Akaita jina la pili, mwanamke mwingine akaitika. La tatu, vivyo hivyo. Kwa la nne bibi mmoja mzee alifunika mdomo kwa kanga, bega likaanza kutikisika, na kicheko kikapita benchi hadi benchi. Kisha kikakatika, na mwanamke mmoja kule nyuma akaanza kulia kwa sauti. Deo alinigeukia, karatasi mkononi, akanong'ona, "Nimesema nini?" Nilikuwa nimeshaelewa. Katika orodha yetu ya watu wenye nguvu, karibu nusu walikuwa marehemu.

Ma Auleria hakusubiri tumwombe msamaha. Alisema, "Njooni mkamwone," akatangulia, na sisi watatu tukamfuata kwenye njia ya kati ya migomba. Nyumba yake ilikuwa ya bati, chumba cha mbele kimetandazwa nyasi mpya zenye harufu tamu, na mabinti zake wawili walikuwa wamekaa juu ya nyasi hizo wakimenya ndizi. Alitupitisha hadi nyuma. Pale, katikati ya mibuni, kulikuwa na msalaba wa mbao wenye jina na tuta lililofunikwa nyasi nene kuliko mahali pengine popote katika kibanja. "Huyu hapa," alisema. "Salamu zenu nimempa zote." Deo alivua kofia, akalia bila kujificha. Ma Auleria alimwacha alie, akaingia ndani akatoka na punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, zile anazopewa mgeni atafune, akatugawia mkononi mmoja mmoja.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Aliniangalia kama mtu anayepima nguo ya mtoto. "Ta Anatory alikuwa amekaa hapo na mhuri," alisema. "Ni kaka wa huyu. Ningesema Projestus hayupo, mngemfuta, si ndivyo? Na mkishamfuta, pale panabaki wazi, na wewe mwanangu nimekuona, hupendi pabaki wazi. Mngeandika nani?" Nikasema, "Wewe." Akacheka kidogo. "Mimi nina mabinti wawili tu, mrithi wa kiume sina. Ukoo haujakaa kumaliza msiba na kusema nani arithi. Wangekaa lini, kila mwezi wanazika? Mpaka wakae, kibanja ni cha Projestus, na mimi nipo kwake. Jina lake likitoka, linaingia la Anatory, anapewa ng'ombe, anamfunga hapo kwenye mbuni, na watu wakiona ng'ombe wa mtu yuko hapo kila siku, wanajua ni pa nani. Mimi na wasichana nitawapeleka wapi?" Shirin akauliza kama Ta Anatory ni mtu mbaya. "Si mbaya," alisema Ma Auleria. "Ana watoto tisa kule kwake, na watano si wake. Ni wa ndugu zake wengine. Migomba yake haiwatoshi. Ningekuwa yeye, na mimi ningetaka hapa."

Nilitamani sana awe mbaya. Ingekuwa kazi rahisi. Sasa, katika umri huu, nimeshakaa kwenye mikutano mingi ambako watu wazito walizungumzia wadau na rasilimali, na kila mara mtu akisema tatizo ni tamaa au ujinga namkumbuka Ta Anatory, ambaye hakuwa na tamaa wala ujinga. Alikuwa na sahani tisa za kujaza. Jambo lilikuwa hili tu: migomba ile ilitosha kumweka Ma Auleria na mabinti zake, au kupunguza njaa ya watoto wale wengine, na karatasi yetu ndiyo ingesema lipi. Sisi tulikuja kupanga nyasi.

Tulipanda lori la chama hadi Bukoba kuungama kwa Mwalimu Kamugisha. Alisoma orodha yote akiwa amesimama, kidole kikishuka jina kwa jina. "Mmewaamsha wanaume wengi sana," alisema mwishowe, "ili wakate nyasi." Hakuna aliyecheka. Akasema wafu watoke. Deo akasema tukiwatoa tunamfukuza mama wa watu. Nikasema basi tuwaache, tuongeze alama ndogo ya nyota tuielewe sisi wenyewe. Mwalimu alinikemea hadi nikatazama viatu vyangu. "Mpango wa uongo sitautia sahihi. Mwakani jina halitashika panga, Leonida! Nyasi hazitafika, migomba itakufa, na huyo mama unayemlinda atakuwa na kibanja cha maganda." Kisha, kwa kuwa hasira yake haikukaa, alisema polepole, "Fomu ni yako. Umeuliza swali ambalo watu hawawezi kulijibu bila kuumia. Kauulize jingine." Akatufukuza ofisini, akatuita tena, akampa Deo leso.

Mchana ule tulikula nyumbani kwa Shirin, nyuma ya duka. Chumba kilikuwa na giza zuri na feni iliyolia, na mama yake alitupa chapati laini na mchuzi wa dengu na kutulazimisha kula mara ya pili. Kutoka dukani tulisikia mteja akimwambia mwenzake mlangoni, "Si nilikwambia kwa Noorali zipo?" Shirin aliacha kutafuna. "Noorali ni babu yangu," alituambia. "Alikufa kabla sijazaliwa. Bango ni lake, hata risiti ni zake. Baba yangu hajawahi kubadilisha, watu wasingejua pa kuja." Deo akasema, bado mdomo umejaa, "Lakini asubuhi anayefungua ni baba yako." Tukatazamana. Niliomba karatasi, Shirin akanipa ya kufungia vitambaa, na juu yake, kwa mara ya kwanza bila rula, nikachora safu mbili. Ya kwanza: Kibanja cha nani. Ya pili: Anayetandaza nyasi.

Tulirudi na kuanza upya, safari hii nyumba kwa nyumba, na hatukukaa mezani. Tuliuliza swali la pili tukiwa tumebeba mizigo ya nyasi kichwani, na lilijibiwa pale pale, bila mtu kushusha macho. Nani anatandaza? Mimi. Mimi na binti yangu. Mimi na mama mkwe, ila yeye anatandaza akiwa amekaa. Jina la mume lilibaki mahali pake kwenye safu ya kwanza, kama lilivyobaki kwenye msalaba, na halikumzuia mtu. Rweya tuliigawa kufuatana na mikono iliyokuwepo kweli, ambayo ilikuwa michache kuliko tulivyoota, kwa hiyo zamu ziliongezeka urefu na mizigo ikapungua uzito. Nywele zangu zilijaa majani na shingo ilikakamaa. Nilikuwa na furaha, nasema ukweli, furaha ambayo sikuwahi kuipata kwenye fomu ya rangi mbili.

Ta Anatory alielewa ile safu ya pili kabla hatujamweleza. Shirika, baada ya kuona rasimu yetu, lilikuwa limeandika barua kwamba ng'ombe atakabidhiwa kwa anayetandaza. Alisoma barua, akasoma rasimu yetu, akaikunja vizuri kwa mikunjo yake ya zamani. "Ni nani amewafundisha hii?" aliuliza. Nikasema ni sisi. Akasema kwamba kwa vibanja visivyo na mwanaume, safu ya pili haiwezi kujazwa na wanafunzi. Itasomwa mbele ya mkutano wa mwisho wa mwaka, mstari mmoja mmoja, na mwenye ukoo atasema neno lake kabla ya mhuri kupigwa. Mwenyekiti alikubali. Kwa taratibu zao alikuwa sahihi. Kuanzia siku hiyo Ma Auleria alileta chakula na kuondoka bila mzaha. Siku chache kabla ya mkutano, nikiwa ofisini na dirisha limefungwa kwa baridi, nilimsikia Ta Anatory nje na mke wake Domitila, aliyekuwa amemletea uji. "Umetoboa tundu jingine kwenye mkanda," alisema mke wake. "Mkanda wenyewe mbovu," akajibu yeye. Kisha akakohoa muda mrefu, na nilisikia kikombe kikiwekwa chini.

Mkutano ulikuwa Desemba, asubuhi. Mwalimu Kamugisha alikuja na mgeni wa shirika, wakaketi mbele kwenye viti viwili vya mwenyekiti, na wanachama wakajaza mabenchi na magunia. Shirin alikuwa ameupiga mpango taipu kwa mashine ya baba yake. Deo alisoma, mimi nilikaa mezani na kalamu ya kusahihishia, na pembeni yangu alikaa Ta Anatory na mhuri wake. Koti la kijivu lilikuwa limemzidi, na mkono alioweka mezani ulikuwa mwembamba hadi niliogopa kuutazama. Mistari yote ilisomwa, hata ya vibanja vyenye wanaume. Kwa kila mmoja, aliyeandikwa aliinuka, watu wakasema sawa, mhuri ukagonga. Ulipofika wa Ma Auleria, Deo aliusoma polepole. "Kibanja cha Projestus. Anayetandaza: Auleria." Ma Auleria alisimama na mabinti zake wawili, mmoja kila upande. Mwenyekiti akageuka. "Ta Anatory. Wewe ndiye mwenye ukoo hapa. Unasemaje?"

Alichukua muda kusimama. Alimtazama shemeji yake, akawatazama wale wasichana, na mvua ikaanza juu ya bati. Nilimwomba Mungu kitu ambacho sikukijua vizuri, kwa sababu niliwajua pia wale watoto tisa. "Aachwe hapo hapo," alisema Ta Anatory. "Yeye ndiye anatandaza, wote tunamwona. Na watoto wa kwangu wakija kuomba mkungu, Auleria, usiwafukuze." Ma Auleria akasema, "Waje, waitu. Waje." Mhuri ukagonga. Mwalimu Kamugisha alivua miwani akaifuta kwa tai yake, na mimi niliandika alama yangu pembeni ya mstari.

Nilidhani yamekwisha. Mistari mitatu baadaye Deo akasoma, "Kibanja cha Anatory. Anayetandaza: Anatory." Watu walishaanza kusema sawa, lakini yeye hakupiga mhuri. Aliweka kidole juu ya safu ya pili, juu ya jina lake mwenyewe, akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Hapa futa. Andika mke wangu." Nilimtazama, nikasema kwa kuropoka, kama mtoto, "Lakini Ta Anatory, wewe upo." Akasema, "Nipo. Ndiyo maana nataka nikuone ukiandika." Nikafuta. Akainama juu ya meza, karibu nami, akanitajia jina la mke wake herufi moja moja nisije nikakosea, D, O, M, I, hadi ya mwisho, kisha akaushika mhuri kwa mikono miwili na kuugonga.